Kisichofungashwa Huwekwa Bafuni

Mtu ambaye hajawahi kuhamishwa na jeshi hawezi kujua thamani ya bafu. Kwake yeye bafu ni mahali pa kuoga, basi. Lakini muulize Shauna Lindqvist, mke wa fundi wa magari ya jeshi, aliyehama nyumba tisa katika ndoa moja na mume yuleyule, atakwambia bafu ni ngome. Siku watu wa lori wanapokuja kufungasha, hawaulizi. Wanaingia na maboksi na makaratasi, na chochote kilicho mbele yao kinaviringwa, kinatiwa ndani, kinapigwa utepe. Kwa hiyo vile ambavyo familia itasafiri navyo yenyewe garini, nguo za siku chache, dawa, vyeti, funguo, hukusanywa bafuni jana yake, na mlangoni hubandikwa karatasi: HAPA HAPAFUNGASHWI.

Asiyebandika karatasi shauri yake. Nyumba ya tatu, Shauna alisahau pipa la taka jikoni. Miezi miwili baadaye, upande wa pili wa nchi, akafungua boksi lililoandikwa kwa mwandiko mzuri "vyombo", akakuta pipa lake na taka zake, na maganda ya mayai ya asubuhi ile, yote yameviringwa kwa karatasi safi utadhani zawadi ya harusi. Curt, mumewe, alicheka mpaka akakaa chini. Shauna hakucheka. Mwezi mzima mayai hayakumpita kooni.

Hilo la pipa lilikuwa mchezo. La sungura ndilo lililouma. Binti yao wa kwanza, Britta, alikuwa na miaka minne walipoondoka Alaska, na sungura wake wa kitambaa, wa sikio moja, alisahaulika kitandani. Watu wa lori wakamfungasha pamoja na mashuka. Mtoto alilia kutoka Alaska mpaka Georgia, akilala analia, akiamka analia, na sungura hakufika mpaka majani ya miti yalipokwisha kupukutika. Toka hapo Britta hakumwamini mtu. Kila wakihama, watu wa lori wakibisha tu hodi, yeye huyoo bafuni. Anaingia kwenye beseni refu la kuogea lisilo na maji, sungura kifuani, anakaa humo katikati ya mabegi mpaka lori liondoke. Chakula analetewa humohumo. Ukimuuliza, bibie, unafanya nini humo, anakujibu bila hata kukutazama: "Mimi siendi na lori. Mimi naenda na nyinyi."

Miaka mingi wakalicheka jambo hilo kwa mapenzi. Walipohamia Kansas alikuwa na miaka kumi na moja, na siku hiyo hakuingia bafuni. Alisema yeye si mtoto tena. Shauna alilipitisha lile neno kimyakimya, lakini alipobaki peke yake alilitazama lile beseni tupu akaona uchungu.

Sasa Britta ana miaka kumi na mitatu, na Curt amestaafu jeshi. Miaka ishirini watu walikuwa wakimwambia Shauna: vumilia, mama, mumeo akistaafu mtatulia. Wakastaafu. Wakaenda kutazama nyumba za kununua. Na hapo ndipo Shauna alipojishangaa mwenyewe, maana kila nyumba waliyoonyeshwa, yeye hakuona sebule wala bustani. Aliona maboksi yatapangwa wapi. Mwenye kuonyesha nyumba anasifia madirisha, Shauna anapima mlango kama kochi litapita siku ya kutoka. Akarudi nyumbani akamwambia Curt kweli tupu: "Mimi kukaa sijui. Nimejifunza kuhama tu."

Wazo la nyumba ya magurudumu lilikuwa lake, wala hakumsingizia mtu. Walikodi moja kiangazi kile, wakaenda nayo kando ya ziwa, na Shauna akalala usingizi wa mtoto mchanga. Nyumba ni ileile, kitanda ni kilekile, kinachobadilika ni kilicho nje ya dirisha. Kwisha maneno. Wakanunua ya kwao, kuukuu lakini nzima, ndefu kama basi, ambayo Curt aliipasua na kuiunga upya kwa mikono yake. Binti yao mdogo, Junie, wa miaka sita, aliipa jina la Bata kwa sababu ikikata kona inatikisa makalio. Curt angekuwa akitengeneza magari na mitambo kwenye viwanja vya wapiga kambi, Shauna angeendelea na kazi yake ya kupangia wagonjwa miadi kwa kompyuta, na watoto wangesomea mezani. Vitu vingine vyote vingewekwa ghalani. Jeshi huwalipia wastaafu uhamisho mmoja wa mwisho, na huo wangeutumia kupeleka vitu ghalani.

Mwanzoni Britta alifurahi. Alichagua kitanda cha juu, chenye dirisha dogo upande wa kichwa, akatundika taa zake. Halafu Bibi Ardith akapiga simu.

Bibi Ardith ni mamake Curt, mjane wa Nebraska, mwanamke wa maneno machache na siagi nyingi. Hajawahi kuhama. Alizaliwa shamba hili, akaolewa shamba la pili yake, na anakusudia kuzikwa katikati. Alisema hivi: wakubwa wana haki ya kutangatanga, mtembea bure si sawa na mkaa bure, sawa, lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu anataka shule moja na marafiki walewale. Chumba anacho. Britta akitaka, aje akae kwake mpaka amalize shule. Chumba chenyewe amekwisha kukipaka rangi ya njano.

Britta akasema atafikiria.

Shauna hakumlaumu mkwewe. Angemlaumu kwa lipi? Mtoto amebadilisha shule saba. Mwaka jana alirudi nyumbani akatupa begi akasema amechoka kuwa mgeni, amechoka kuulizwa umetoka wapi, hajui hata ajibu nini. Maneno yale Shauna alikuwa nayo bado, yamemkaa. Basi yeye na Curt wakakubaliana: mtoto aamue mwenyewe, na asiulizwe, wala asibembelezwe, wala asitiwe machozi. Mwisho wa kuamua ni siku ya lori. Ni rahisi kukubaliana hivyo ukiwa umekaa. Lakini Shauna kila akimpita mwanawe koridoni, ulimi ulimwasha. Aling'ata midomo wiki tatu.

Wiki ya mwisho Bibi Ardith akaja na gari lake, kusaidia kusafisha. Akaliegesha ubavuni mwa Bata, na kuanzia hapo Shauna hakuweza kuchungulia dirishani bila kuyaona hayo magari mawili, moja la kwenda kusini na moja la kwenda kaskazini. Mtoto ataingia lipi? Kitu kingine hakuwaza.

Jioni ya mwisho Bibi alipika maharage ya nyama yenye pilipili, na kando yake mikate ya mdalasini yenye sukari juu, kama watu wa kwao wanavyokula, ukichovya mkate humo humo kwenye mchuzi wa maharage. Wakala kwenye sahani za karatasi, sufuria katikati, wote sakafuni. Junie alitaka kujua kama Bata ana mayai. Curt akamwambia wewe ndiye yai lenyewe. Britta alicheka, lakini alikula kidogo, na sungura wa sikio moja alikuwa amechomoza kichwa kwenye mfuko wa sweta lake. Mkubwa mzima, lakini siku za kuhama sungura hutoka.

Baada ya kula, Shauna na mkwewe walibaki jikoni. Bibi Ardith alikuwa anapangusa jiko ambalo lilikwisha kupanguswa mara mbili.

"Mwanangu," alisema, "usidhani nakuja kukunyang'anya."

"Sidhani, Mama."

"Nyumba yangu ina ukimya mwingi. Hilo nakiri. Lakini si kwa ajili hiyo tu."

"Najua. Akitaka kwenda, nitamfungia mabegi kwa mikono yangu hii."

"Na asipotaka?"

Hilo Shauna hata kulitamka aliogopa. Bibi Ardith akamshika bega, akaendelea kupangusa jiko.

Kisha Shauna akaenda kupanga bafu. Kazi hii aliweza kuifanya usingizini. Nguo za Curt, nguo zake, nguo za Junie, dawa, vyeti, chaja, kikombe chenye miswaki. Alipofika kwenye vitu vya Britta mikono ikasimama. Akiviweka humu, si ndiyo amemwamulia? Si ndiyo yale maneno waliyokubaliana yasisemwe, ameyasema kwa begi? Asubuhi mtoto ataingia kunawa uso, aone vitu vyake vimekwisha pangwa na vya familia, na kama alitaka chumba cha njano cha kwa bibi yake ataona haya kusema. Hapana. Ahadi ni deni. Shauna akauchukua mswaki wa Britta kwenye kikombe, akaurudisha chumbani kwake, akauweka juu ya kimeza kando ya kitanda. Begi la mtoto akaliacha palepale lilipokuwa. Akabandika karatasi mlangoni akaenda kulala, akijisifu kwamba angalau mara moja katika maisha yake ya uzazi hakumsukuma mtoto.

Laiti angejua.

Watu wa lori walifika asubuhi, wanne, na mkubwa wao aliitwa Rufino, jitu la mabega mapana na sauti ya upole, mwenye kuimbaimba huku anafungasha. Shauna aliwapa kahawa na maandazi ya duka, kama ilivyo ada, kwa sababu watu waliokula kwako huvunja vyombo vichache. Akawaonyesha mlango wa bafu. Rufino akacheka, akasema mama, hiyo karatasi naiheshimu kuliko bendera.

Britta alichelewa kuamka. Aliingia bafuni kunawa, akakaa humo kidogo, akatoka. Uso wake ulikuwa mtulivu mno.

"Mama, mswaki wangu uko wapi?"

"Upo chumbani kwako, mpenzi. Nimekuwekea kando ya kitanda."

"Na begi langu?"

"Sijaligusa."

"Aha," alisema Britta. "Sawa."

Akageuka. Baada ya muda Shauna, akiwa jikoni na boksi mkononi, alimwona mwanawe kupitia dirishani akivuta begi lake kwenye majani, akilipita Bata bila kulitazama, akilisimamisha nyuma ya gari la bibi yake. Junie alikuwa ngazini kwa Bata, akamuuliza kwa nini analipeleka kule. Jibu Shauna hakulisikia. Alilitua lile boksi chini taratibu. Akamwendea Curt gereji, na Curt alipomwona tu akajua, akaweka spana chini akamkumbatia, na wakasimama hivyo katikati ya makorokoro kama watu waliofiwa. Curt alisema ndivyo walivyokubaliana. Shauna akasema ndiyo, ndivyo walivyokubaliana, na machozi yakamtoka kwenye shati la mumewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wengine tusimame pembeni.

Bibi Ardith naye aliliona lile begi. Ungetegemea afurahi. Lakini alikaa kwenye ngazi za kibaraza na kikombe chake cha kahawa, akilitazama, na hakunyanyuka kulitia garini.

Mchana Shauna alikuwa anakata piza za kuwalisha watu wa lori, akihesabu pumzi zake ili asilie mbele yao, Rufino alipotokea mlangoni. Haimbi tena. Ameshika kofia mkononi.

"Mama, samahani. Kule bafuni kuna kitu ambacho sikukiona asubuhi. Nimekuja kuuliza kama ni cha lori au si cha lori."

"Vya bafuni vyote si vya lori."

"Nami nilimwambia hivyohivyo," alisema Rufino. "Lakini ananiambia nimuulize mama yake."

Shauna aliiacha piza. Alipita koridoni kati ya maboksi, na Bibi Ardith, aliyesikia, akamfuata nyuma. Karatasi ilikuwa mlangoni. Akausukuma mlango.

Britta alikuwa ndani ya beseni. Magoti yamemfika kidevuni, maana beseni la namna ile, lililomtosha akiwa mdogo, halimtoshi tena. Sungura alikuwa kifuani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Wameufungasha mswaki wangu," alisema. "Nilirudi kuuchukua nikamkuta kijana mmoja wa lori anauviringa kwenye karatasi. Na mto wangu. Kila kitu. Kama yule sungura."

"Britta, mwanangu..."

"Vyenu vyote viko humu. Vya Baba, vyako, vya Junie. Hata brashi ya kumchania Junie. Vyangu havimo. Nilidhani mmeshaamua."

Shauna akapiga magoti pale sakafuni, kati ya mabegi, akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Maskini ya Mungu, wiki tatu za kung'ata midomo, kumbe kile alichokificha kisionekane ni shinikizo ndicho mtoto alichokisoma kuwa ni kuachwa.

"Niliogopa kukulazimisha," alisema. "Ndiyo maana sikuviweka. Niliushika mswaki wako hapa, nikaurudisha, na moyo ukaniuma. Nakutaka. Nakutaka sana. Niliona si haki kusema."

"Ungenilazimisha kidogo," alisema Britta, akilia na kucheka pamoja. "Kidogo tu, Mama. Ungesema hata mara moja."

"Nasema sasa. Twende wote."

Britta akafuta pua kwa sikio la sungura. Ndipo alipomwona bibi yake amesimama mlangoni, na uso ukambadilika.

"Bibi, usinikasirikie. Chumba kizuri. Ile picha uliyonitumia naipenda. Nilikuwa nataka kweli. Lakini nilipoliweka begi nyuma ya gari lako nikawaza, nitasimama kwako kibarazani, Bata linaondoka, mimi nawapungia mkono. Kuhama nakuweza, Bibi, nimezoea. Kuachwa sijawahi."

Bibi Ardith aligeuka akaondoka, nyayo zake zikasikika koridoni, na mlango wa mbele ukafungwa. Shauna na mwanawe wakatazamana. Bibi yule hakuwa mtu wa kununa, lakini pia hakuwa mtu wa kukataliwa, na ile rangi ya njano alikuwa ameipaka mwenyewe juu ya ngazi, na magoti yale mabovu. Walisikia buti la gari lake likifunguliwa, halafu likifungwa.

Aliporudi alikuwa anavuta begi la Britta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili amekumbatia blanketi la viraka. Si blanketi la dukani. Viraka vile Shauna alivitambua kimoja kimoja: mashati ya marehemu babu, gauni alilobatizwa nalo Curt akiwa mchanga, kitambaa cha pazia la jikoni kule Nebraska. Majira ya baridi yote Bibi alikuwa akishona na hakumwambia mtu. Lilikuwa la kitanda cha chumba cha njano.

Akaliweka begi pamoja na mabegi mengine. Akalikunjua blanketi, akainama kwa taabu, akamfunika mjukuu wake magoti na miguu ndani ya lile beseni, akampigapiga pembeni kama anavyofunikwa mtoto wa kulala.

"Na mimi je, Bibi?" aliuliza Junie, aliyejipenyeza chini ya mkono wa mama yake.

"Wewe ingia humo humo, mchokozi wee. Litawatosha."

Junie akarukia ndani, na viatu vyake. Curt naye alikuwa amefika, amejaza mlango mzima, anafuta mikono yenye mafuta kwenye suruali tena na tena. Nyuma yake alisimama Rufino. Watu wa lori, boksi likishapigwa utepe hawalifungui, ni mwiko wao, lakini yeye alikuwa amekata moja, amelichakura mpaka chini, na mkononi alikuwa na kifurushi kidogo cha karatasi. Akampa Shauna. Shauna akakiviringua, karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akautoa mswaki wa mwanawe akautia kwenye kikombe pamoja na ile mingine.

Bibi Ardith alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, amechoka, mkono wake mmoja bado umeshika pindo la blanketi lake. Alimtazama Rufino, kisha akalitazama lile beseni.

"Kijana," alimwambia, "na hivi pia usifungashe. Hivi vinakwenda na wenyewe."

"Ndiyo, mama," alisema Rufino, akauvuta mlango taratibu, akaibonyeza vizuri ile karatasi ambayo upande mmoja ulikuwa umeanza kubanduka.